Daktari wa Kompyuta na Kinu Kilichozimika

Msimu wa alizeti uliopita nilikuwa likizoni nyumbani, Iramba. Kinu cha kukamulia mafuta cha jirani yetu kilikuwa kimezimika kwa wiki ya tatu. Mota ilikuwa nzima, vyuma vilikuwa vizima. Kilichokufa ni bodi isiyozidi ukubwa wa kiganja, ile inayopima joto na kuuamuru mtambo uwake au uzime. Fundi umeme aliifungua, akaitazama, akaifunga. "Hii mpaka iagizwe China," alisema. Mwenye kinu, mzee aliyesoma darasa moja na marehemu baba, akanigeukia: "Mwanangu, si wewe daktari wa kompyuta?"

Nilianza kumweleza kwamba udaktari una matawi mengi, nikaona haya kabla sijamaliza sentensi. Ukweli ni kwamba utafiti wangu wote ulifanyika ndani ya programu ya kuigiza mitandao. Sikuchomea waya hata mmoja. Nilitunukiwa shahada, nikachapisha makala, nikapanda cheo. Mzee naye aliuza magunia yake kama mbegu kwa mlanguzi, kwa bei ya mlanguzi, akakosa mafuta na akakosa mashudu.

Ndugu msomaji, naanza kwa kujishitaki mwenyewe ili nisionekane nawarushia wenzangu mawe. Lakini shitaka ni letu sote: masomo ya uzamili na uzamivu katika uhandisi wa mifumo ya kompyuta hapa nchini yamegeuka ngazi ya kupandia vyeo, na yamesahau mashine.

Tuelewane kwanza juu ya fani yenyewe. Uhandisi wa mifumo ya kompyuta hukaa pale programu inapokutana na chuma, waya na umeme. Kompyuta anayoshughulika nayo mhandisi huyu mara nyingi haina kioo wala kibodi: imo ndani ya mita ya luku, ndani ya pampu ya kisima, ndani ya mashine ya kupimia damu hospitalini. Kwa hiyo ni fani ambayo mtu hawezi kuibobea kwa kusoma tu, kama ambavyo hakuna aliyejifunza kuogelea ubaoni.

Sasa tazama tunavyowapata wabobezi wake. Anayetaka kuajiriwa kama mkufunzi msaidizi katika vyuo vikuu vya umma sharti awe na wastani wa 3.8 katika shahada ya kwanza. Anayetaka kuwa mhadhiri msaidizi huongeza wastani wa 4.0 katika uzamili. Baada ya hapo cheo hufuata makala zilizochapishwa. Sina ugomvi na alama za juu wala na makala. Ugomvi wangu ni kwamba katika mizani hiyo yote hakuna mahali panapouliza: je, umewahi kutengeneza kitu kikafanya kazi? Kijana mwenye 3.6 aliyefufua mashine tatu za hospitali ya wilaya hana mlango. Mwenye 4.2 ambaye hajawahi kushika bisibisi anakaribishwa, na kesho ndiye atakayemsimamia mwenzake. Wasimamizi wa namna hiyo, nami nikiwamo, huwaelekeza wanafunzi kwenye mada zinazomalizika mezani. Tasnifu hufungwa jalada gumu, huwekwa kabatini, na aliyeiandika huenda kufanya kazi ya kukarabati printa za ofisi.

Tumekwisha kuonywa na historia. Kompyuta ya kwanza ya Serikali ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Matumizi yake katika hesabu za Serikali yalikwenda kombo, na mwaka 1974 nchi ikapiga marufuku uingizaji wa kompyuta. Kosa lilikuwa upungufu wa watu wanaoielewa mashine. Adhabu tukampa mashine. Leo tumeangukia upande wa pili: tunaingiza kila mashine, na bado hatuna watu wa kutosha wanaoweza kuifungua.

Nao wapo watakaosema Mtanzania hawezi. Hao wajibiwe kwa NeST, mfumo wa ununuzi wa umma ulioanza kutumika mwaka 2023, uliojengwa na wataalamu wa ndani kuchukua nafasi ya ule tulioutegemea kwa wageni. Wajibiwe pia kwa MUSE, mfumo wa ulipaji serikalini. Vijana hawa wamethibitisha kwamba panapokuwa na kazi halisi na mwenye kuidai, akili ipo. Tatizo ni kwamba mafanikio hayo yako upande wa programu za ofisini. Upande wa mitambo tungali wageni katika nyumba yetu.

Chukua reli ya kisasa. Treni za umeme zilianza kwenda Dodoma mwaka 2024, na njia inaendelea hadi Makutupora, ndani ya Wilaya ya Manyoni, mkoani kwetu, ikielekea Tabora. Reli ile si mataruma na nyaya peke yake. Ni mfumo wa kompyuta wenye urefu wa mamia ya kilomita, unaojua kila treni ilipo na unaoweza kuizuia isipite. Chuo Kikuu cha Dodoma, chenye ndaki nzima ya sayansi ya kompyuta, kiko kando ya njia hiyo hiyo. Wanafunzi wangapi wa uzamili watafanya utafiti wao ndani ya chumba cha kuongozea treni? Na kama hakuna, mikataba ya matengenezo tutaisaini na nani baada ya miaka ishirini?

Upepo je? Kwa miaka mingi Singida imezungumzwa kama mahali pa kuzalisha umeme wa upepo. Wakenya hawakuishia kuzungumza: mradi wao wa Ziwa Turkana una mitambo 365 na uwezo wa megawati 310. Kila mtambo huongozwa na kompyuta inayogeuza mapanga kwa kadiri ya upepo. Siku mitambo ya namna hiyo itakaposimama Singida, vijana wa Singida watakuwa wahandisi wake au walinzi wa geti?

Nitaambiwa fedha hakuna. Hoja hiyo ina ukweli wake: mikopo ya elimu ya juu, tangu Bodi ilipoanza kazi mwaka 2005, imekwenda kwa sehemu kubwa katika shahada ya kwanza. Lakini Arusha, katika Taasisi ya Nelson Mandela, ipo shahada ya uzamili ya mifumo pachikwa, yaani kompyuta zinazokaa ndani ya mashine, ambamo mwanafunzi hupelekwa kufanya kazi kiwandani kama sehemu ya masomo. Mfano tunao. Ilianza kwa msaada wa Wajerumani, nami nauliza: kwa nini jambo lenye faida iliyo wazi hivi lingoje fedha za mgeni? Mtegemea cha nduguye hufa maskini.

Madai yangu ni matatu. Seneti za vyuo zikatae tasnifu ya uhandisi wa mifumo ambayo kazi yake haijajaribiwa nje ya chuo walau msimu mmoja, palipo na vumbi na umeme unaokatika. Kamati za upandishaji vyeo zihesabu mtambo unaofanya kazi kama zinavyohesabu makala. Na Serikali, inapotangaza zabuni ya mtambo wowote mkubwa, iweke sharti kwamba michoro na mafunzo yake yafunguliwe kwa wanafunzi wa vyuo vyetu. Watumishi wa umma mnaoandaa zabuni hizo mnanisoma. Sharti hilo ni aya moja tu katika mkataba.

Nanyi wanafunzi, msingoje Seneti. Mada ya tasnifu ni yenu kuichagua. Kabla hamjaiandika, nendeni kwenye kinu, kisimani, zahanati, mkaulize nini kimezimika.

Mimi nimeiomba ile bodi kwa mzee. Imo mezani kwangu, na tayari wanafunzi wawili wanaichora upya. Msimu ujao nitarudi Iramba, na mzee ataniuliza swali lile lile.