Daftari la Mama Halitoshi

Wahenga walinena: mali bila daftari hupotea bila habari. Lakini jamani, hata yenye daftari hupotea! Wengi husema kompyuta ni ya supamaketi. Mimi napinga.

Dukani kwetu gunia la sukari la kilo 50 hutoa pakiti 100 za nusu kilo. Juzi niliziandika katika LibreOffice Calc, programu huria isiyolipiwa hata ndururu. Baada ya kutoa zilizouzwa na zilizokopeshwa, ilionyesha zimebaki 9. Rafu ilikuwa tupu! Mama akanitazama. Kumbe ni mimi niliyewakopesha majirani nisiandike.

Wenye maduka madogo, itumieni. Ni bure, ila haijui usichoiambia. Andikeni kila kitu, na watoto wenu pia waandike!