Siti ya intaneti yenye sekretere hawezi kubadilisha si ya koperative



Siku hizi karibu kila koperative ya kahawa, ya kakao ao ya maharagi inataka kuwa na siti ya intaneti. Katika bajeti za proje kunaonekana mstari mmoja: kutengeneza siti. Sikatai. Mnunuzi mwenye yuko Ulaya ao Marekani, kabla ya kujibu barua yetu, anaandika jina la koperative katika simu yake aone kama tuko watu wa kweli. Akikuta kitu, anaendelea kusoma. Shida ni kile anachokikuta.

Mara nyingi anakuta picha kubwa ya ziwa Kivu yenye inakawia kufunguka, habari ya mwisho ya miaka minne iliyopita, jina la prezida mwenye alikwisha kuondoka, namba ya simu yenye haipiti, na bei yenye hakuna mtu anaweza kuilipa leo. Atafikiri nini? Atafikiri koperative ilikufa. Na wakati ule ule sisi tuko kituoni, tunapima kahawa mbivu mpaka usiku, taa mkononi.

Si kwamba watu wetu ni wavivu. Siti nyingi zinatengenezwa kwa namna yenye mtu mmoja tu anaweza kuzigusa, naye ni fundi wa mjini. Sekretere akitaka kuandika kwamba mkutano mkuu umesogezwa mbele kwa juma moja, inapashwa amupigie fundi. Fundi anasema nitafanya kesho. Kisha anaomba kitu kidogo. Kisha proje inaisha, fundi anapata kazi Kampala ao Kinshasa, na siti inabaki pale kama gari bila ufunguo.

Na intaneti haikuanza vile. Tim Berners-Lee, mwenye aliandika programu ya kwanza ya kufungua kurasa hizi mwaka wa 1990 kule CERN, Uswisi, aliifanya iweze kusoma na kuandika pia: mwenye kusoma ukurasa, kama ni wake, anaubadilisha pale pale. Mwaka wa 1995 Mmarekani Ward Cunningham alitoa siti yenye kila msomaji aliweza kuisahihisha. Akaiita wiki, neno la Hawaii lenye maana ya haraka. Tangu 2003 kuko WordPress, yenye programu yake ni ya bure na mtu anaweza kuandika nayo kwa simu. Kwa hiyo fundi akituambia kwamba kubadilisha bei ni kazi ngumu ya wataalamu, tumuulize vizuri: ngumu kwa nani?

Maoni yangu ni haya. Kabla ya kumlipa fundi salio, sekretere ao kesie akae mbele ya komite, ashike simu yake mwenyewe, na mega zake mwenyewe, abadilishe tarehe moja, bei moja na picha moja. Fundi akae pembeni, mikono mfukoni, bila kusema neno. Ikiwezekana kwa dakika kumi, tulipe. Isipowezekana, siti haijaisha hata ikiwa ina rangi nzuri namna gani. Hatupokei mzani wenye mpimaji wetu hawezi kuusoma, sivyo?

Kisha tuangalie kile chenye tunaweka ndani. Kuko maneno yenye hayaozi na kuko yenye yanaoza haraka kuliko nyanya. Koperative ilianza mwaka gani, iko kwenye kilima gani, inalima nini, iliandikishwa kwa namba gani katika rejista ya koperative kufuatana na sheria ya OHADA ya tarehe 15 Desemba 2010: hayo yanaandikwa mara moja tu. Lakini bei, tarehe ya mkutano, majina ya komite, kiasi cha kahawa chenye kiko ghalani, hayo yanaoza. Kosa lenye ninaliona kila mara ni kuchanganya hizo mbili. Bei iko ukurasa wa kwanza, tena iko ukurasa wa mazao, tena imeandikwa juu ya picha. Sekretere anabadilisha pahali pamoja, pengine panabaki vya zamani, na mnunuzi anaona bei tatu za koperative moja. Vyote vyenye kuoza viwekwe katika ukurasa mmoja tu, mfupi, na juu yake tarehe ya siku ulipoandikwa.

Hata namna ya kuandika inaokoa kazi. Ukiandika "tuko na miaka 8", mwaka ujao umekuwa mwongo bila kugusa kitu. Andika "tulianza mwaka wa 2015", hilo halibadiliki. Usiandike "msimu huu" ao "mwezi ujao". Andika mwezi na mwaka. Na hesabu ya memba, weka tarehe yake pembeni: mpaka siku fulani tulikuwa watu kadhaa. Kwa hiyo hata kama sekretere amejifungua na hakuna mwenye aligusa siti miezi mitatu, msomaji anajua anasoma habari ya lini.

Kuhusu luga, watu wanabishana sana: Kiswahili, Kifaransa ao Kiingereza? Kila luga yenye mnaongeza inaongeza kazi ya kila juma. Ninapendelea hivi: maneno yenye hayaozi yatafsiriwe mara moja na mtu mwenye kujua, katika luga zote zenye mnahitaji. Ule ukurasa wenye kuoza ubakie namba na tarehe tu pamoja na maneno machache. Kilo na dola zinasomwa na kila mtu.

Picha nazo ni jambo la feza, si la urembo tu. Picha moja ya simu ya leo inaweza kuwa na mega 4. Weka kumi ukurasa wa kwanza, ni mega 40. Memba mwenye alinunua mega 50 kwa ajili ya siku nzima anafungua siti ya koperative yake mara moja na kifurushi chake kimekaribia kuisha! Picha ile ile ikipunguzwa ibaki na kilo 200 (fundi anajua, si kazi), kumi zinakuwa mega 2. Ubaya mwingine ni kupiga picha karatasi yenye mihuri na kuiweka kama ndiyo habari. Mwenye kutafuta jina lenu katika intaneti hataikuta, juu mashini inasoma maandishi kuliko picha ya maandishi.

Sasa nije kwenye jambo lenye linanipa woga. Kurahisisha kubadilisha siti hakumaanishi kuandika kila kitu. Tunajua inchi yetu. Siku ya kulipa wakulima isiandikwe kamwe katika siti, wala siku gari ya kahawa itashuka, wala namba za simu za memba mmoja mmoja. Vile vile mashamba. Sheria ya Umoja wa Ulaya ya mwaka wa 2023 juu ya ukataji wa misitu inataka mwenye kuingiza kahawa ao kakao kule aonyeshe pahali penyewe ilipolimwa, kwa hiyo wanunuzi wanaomba vipimo vya GPS vya kila shamba. Ni haki yao kuomba, lakini orodha ile inapelekwa kwa mnunuzi, haibandikwi mbele ya dunia nzima. Nimekuta siti ya koperative moja imeweka karata yote: jina la mama, shamba lake, miti yake mingapi. Nani aliulizwa? Kwa hiyo mkutano mkuu uamue mapema, kwa maandishi, vitu gani havitoki nje. Sekretere akijua mipaka hiyo, hatahitaji kuomba ruhusa ya prezida kila mara anapobadilisha tarehe.

Bei ya siku, kwangu, isiwe katika siti kama hakuna mwenye atakayeibadilisha kila inaposogea. Ubao wa kituoni na kundi la WhatsApp vinafanya kazi hiyo vizuri, na mkulima haendi kutafuta siti ili ajue leo wanalipa ngapi. Hapa wengine hawakubaliani nami. Wanasema bei ya wazi inazuia wachuuzi kudanganya watu, na kweli inazuia. Lakini bei ya zamani katika siti inawapa wachuuzi silaha: "Ona, hata koperative yenu inalipa hii tu." Siti isiyo na bei ni bora kuliko siti yenye bei ya mwaka juzi.

Na funguo za siti ziko mkononi mwa nani? Vikundi vya wanafunzi wa vyuo vikuu wanajua shida hii kutupita, juu komite yao inabadilika karibu kila mwaka: mwenye kujua neno la siri anamaliza masomo, anarudi kwao, na siti inaenda naye. Kwetu inafika polepole zaidi lakini inafika. Jina la siti liandikishwe kwa anwani ya imeili ya koperative, si ya fundi wala ya mtoto wa prezida. Namba ya simu ya kurudishia neno la siri iwe laini ya koperative, na laini hiyo itumiwe, juu laini yenye haitumiwi kampuni inaweza kuikata na kuipa mtu mwingine. Watu wawili wajue neno la siri, na karatasi yake iwe katika bahasha yenye muhuri ndani ya kofa, pamoja na statuti. Komite mpya inapoingia, siku ya remizi-reprizi, bahasha ile ihesabiwe kama muhuri na kitabu cha kesi vinavyohesabiwa, na neno libadilishwe siku ile ile.

Tena jina la siti halinunuliwi moja kwa moja. Lenye kuishia na .org linalipiwa kila mwaka, kawaida kati ya dola 10 na 20, na pahali pa kuweka kurasa panalipiwa mbali. Proje inalipa mwaka wa kwanza, pengine wa pili, na barua ya kukumbusha inaenda kwa imeili yenye hakuna mtu anaifungua. Muda ukipita, jina linafungwa, na kisha majuma machache mtu yeyote duniani anaweza kulinunua na kuweka vitu vyake chini ya jina lenu, hata michezo ya kamari. Kwa hiyo kesie aweke feza ile katika bajeti ya mwaka, mstari mmoja na matengenezo ya mzani, na tarehe ya kulipa iandikwe kwa kalamu nyekundu katika kalandari ya ofisini, mwezi mmoja mbele.