"Bila sukari" si bila kafeini wala bila kodi

MANENO mawili, "bila sukari", yamegeuka mtaji kwa wauzaji wa vinywaji vya kuongeza nguvu. Mwenye duka la jumla huambiwa kuwa kopo la aina hiyo halina ubaya kwa mlaji, na kwa hiyo soko lake halina mashaka. Hoja ya kwanza ni nusu ya ukweli. Ya pili inafaa ichunguzwe kabla fedha haijatoka.

Kopo la kawaida la Red Bull la mililita 250 lina gramu 27 hivi za sukari, karibu vijiko saba vya chai. Mwenye kisukari ana kila sababu ya kulikwepa. Katika kopo lisilo na sukari, gramu hizo huondolewa na mahali pake huwekwa viongeza utamu kama sukralosi na asesulfami, au aspatami kwa baadhi ya aina. Mengine hubaki palepale: taurini, vitamini za kundi B, asidi inayokula meno sukari iwepo isiwepo, na miligramu 80 za kafeini. Kopo la nusu lita lenye nguvu hiyohiyo hufikisha 160.

Mamlaka ya usalama wa chakula ya Umoja wa Ulaya, EFSA, ilieleza mwaka 2015 kuwa mtu mzima mwenye afya anaweza kutumia hadi miligramu 400 za kafeini kwa siku, na mjamzito 200. Kwa hesabu hiyo kopo dogo halizidi kikombe cha kahawa. Lakini kahawa ya moto hunywewa taratibu, aghalabu na watu wazima. Kopo la baridi humalizwa kwa mafunda machache na mwanafunzi anayekesha, au na dereva ambaye amekwisha kunywa mengine mawili.

Kuhusu aspatami, Julai 2023 wataalamu wa saratani wa IARC waliiweka katika kundi la vitu ambavyo huenda vikasababisha saratani. Wakati huohuo kamati nyingine ya kimataifa iliacha kiwango cha siku palepale, miligramu 40 kwa kila kilo ya uzito wa mtu. Habari ya kwanza ilivuma, ya pili haikuvuma. Yenye uzito zaidi kibiashara ni ya Mei mwaka huo, Shirika la Afya Duniani liliposhauri viongeza utamu visitumiwe kama njia ya kudhibiti uzito. Tangazo linalouza kopo kwa ahadi ya kupunguza mwili limebaki bila mguu wa kusimamia.

Sasa kodi. Uingereza ilipoanza kutoza vinywaji vyenye sukari Aprili 2018, vyenye sukari nyingi vilidaiwa peni 24 kwa lita na visivyo na sukari havikudaiwa kitu. Wengi wakaona njia imefunguka. Poland ilikwenda kwingine: tangu Januari 2021 kiongeza utamu nacho hutozwa, nusu zloti kwa lita, na kafeini au taurini huongeza groszy 10. Kisha kuanzia Januari 2024 nchi hiyo ikapiga marufuku kuwauzia walio chini ya miaka 18 vinywaji vilivyotiwa kafeini inayozidi miligramu 150 kwa lita. Kopo la miligramu 80 katika mililita 250 lina 320 kwa lita, zaidi ya mara mbili, na kuondoa sukari hakupunguzi hata miligramu moja.

Wakubwa hawatishiki. Mwaka 2015 Coca-Cola ilikamilisha ununuzi wa karibu asilimia 17 ya hisa za Monster kwa zaidi ya dola bilioni mbili. Kampuni ya ukubwa huo hubadili mchanganyiko, hubadili kopo, na hasara huimeza. Mwagizaji wa Dar es Salaam au Mombasa mwenye katoni mia tano ghalani hana nafasi hiyo; sheria ikigeuka, mzigo ni wake na tarehe ya mwisho wa matumizi haisubiri.

Kwa hiyo kabla ya kulipa malipo ya awali, aulize kafeini ni miligramu ngapi kwa lita, kiongeza utamu kinaitwaje, na kama maandishi ya kopo yako katika lugha anayoisoma mlaji wake.