Aliyefunga Mlango na Akate Kucha

Katika mambo ambayo watu wazima huyaona madogo mno kubishaniwa, mojawapo ni kucha za paka. Litaje barazani uone: wenzako watacheka, kisha watarudi kwenye siasa na bei ya sukari. Mimi nalitaja hata hivyo, tena kwa ukali kidogo, kwa sababu nimeishi katika maghorofa ya Dar es Salaam muda wa kutosha kuona namna tunavyomfuga paka siku hizi, na siridhiki nayo. Hoja yangu ni fupi. Mtu aliyemfungia paka ndani ya nyumba amejitwika kazi ambayo ilikuwa ikifanywa na mti, ukuta na ardhi. Kazi hiyo haikwepwi kwa uvivu, haifanywi kwa mabavu, wala haimalizwi kwa kisu.

Tuanze na mnyama mwenyewe. Paka aghalabu ana kucha 18: tano katika kila mguu wa mbele na nne katika kila mguu wa nyuma. Ile ya tano ya mbele iko juu kidogo, upande wa ndani, nayo haigusi chini anapotembea. Ukucha wa paka hukua kwa matabaka. Tabaka la nje likichakaa hubanduka kama ganda, na chini yake hutokea ncha mpya iliyo kali. Kule kukwaruza kunakotukera ndiko kunakobandua ganda hilo. Basi, ndugu msomaji, paka anapolikwaruza kochi lako halipizi kisasi. Anajitunza, ananyoosha misuli ya mabega, na anaacha harufu yake ili pajulikane kuwa ni pake. Nani humkasirikia mtu kwa kupiga mswaki?

Paka wa nje, yule wa sokoni Kisutu au wa vichochoro vya Lamu, hana haja na mkasi wangu. Anapanda kuta za mawe, anakimbizana, anawinda. Dunia yenyewe humpunguzia kucha. Wahenga walisema paka hashibi kwa wali, matilabaye ni panya. Lakini huyu wetu wa ghorofa ya nne, tuliyemnyima panya, mti na paa, tukamwachia zulia na vigae, kucha zake zitapunguzwa na nini? Akiwa kijana hujisaidia kwa kukwaruza. Akizeeka, viungo vikaanza kumuuma, hukwaruza kidogo, na kucha hunenepa na kujipinda. Ile ya pembeni isiyogusa chini huweza kuzunguka hadi ikachoma nyama laini ya chini ya mguu. Mnyama huchechemea na kidonda ambacho hakuna aliyekitazama, na mwenye nyumba husema, “Uzee huo.”

Hapo ndipo ninapogombana na kundi la kwanza, watu wa “mwache kama Mungu alivyomuumba.” Jirani yangu mmoja, mzee ninayemheshimu sana, aliniambia hivyo ngazini.

“Mwanangu, tangu lini paka akakatwa kucha? Sisi tumekua na mapaka Pangani, na hakuna aliyeshika mkasi.”

“Ni kweli, mzee wangu,” nikamjibu. “Lakini huyo paka wenu wa Pangani mlikuwa mkimfungia mlango?”

Akacheka. Akasema paka wao alikuwa akija jioni kula vichwa vya samaki, halafu akaenda zake.

Jibu lake ndilo hoja yangu. Huwezi kumnyang’anya mnyama maumbile yake, halafu ukajitetea kwa maumbile hayo hayo. Huku kwetu pwani, hadithi ya Mtume juu ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa sababu ya paka inajulikana hata na watoto wa chuoni. Kosa la mwanamke yule halikuwa kufuga paka. Alimfungia, asimlishe, wala asimwachie ajitafutie mwenyewe. Hadithi inazungumzia chakula, lakini mimi naisoma kwa upana zaidi: ukifunga mlango, kila alichokuwa akikipata nje kimekuwa deni lako. Kucha nazo zimo katika deni hilo.

Kundi la pili ni la mabavu. Hawa wanakubali kwamba kazi ipo, ila wanaifanya kama wanavyomchinja kuku. Jumamosi asubuhi wanamvizia paka, wanamkamata ngozi ya shingo, wanamviringisha katika gunia. Mmoja anabana miguu, mwingine anakata kucha zote kwa mpigo, huku mnyama akilia na nyumba nzima ikipiga kelele. Baadaye wanatuonyesha mikwaruzo ya mikono yao na kusema, “Paka huyu mkorofi.” Mkorofi ni nani hapo? Ndani ya ukucha mna sehemu ya rangi ya waridi yenye mishipa ya damu na ya fahamu. Mnyama akifurukuta, mkasi hupita palepale, damu hutoka, na paka hasahau. Mara ya pili, akiusikia tu mlio wa mkasi, yuko chini ya kitanda. Ndipo anapoitwa mkaidi.

Neno hilo silikubali. Paka anayekataa kushikwa miguu anatumia akili. Miguu ndiyo silaha yake, na ndiyo njia yake ya kukimbia hatari. Anachongoja ni sababu ya kukuamini, nawe unamletea gunia.

Mtaniuliza, sasa tufanye nini? Nitasema ninavyofanya mimi na paka wangu, ambaye aliletwa kwangu akiwa mkubwa na hakupenda kuguswa kabisa. Siku za kwanza mkasi haukuonekana. Akishashiba na kulala, nilimgusa mguu kidogo, nikauachia kabla hajauvuta, nikampa kipande cha samaki. Baada ya siku kadhaa nilianza kubonyeza kidole taratibu, kwa juu na chini, hadi ukucha utokeze, kisha nikauachia. Samaki tena. Mkasi ulipoingia, ulikaa tu sakafuni karibu naye aunuse. Alipouzoea, nilikata ukucha mmoja: ile ncha nyembamba iliyopinda, mbali na sehemu ya waridi. Kwa paka mwenye kucha nyeusi, ambazo ndani hakuonekani, kata ncha tu na usithubutu zaidi. Mkia ukianza kupigapiga au masikio yakilala nyuma, nasimama, hata kama sijakata chochote. Kikatio kiwe kikali, maana kilicho butu huuponda ukucha badala ya kuukata. Weka na unga laini wa wanga wa mahindi karibu. Ajali ikitokea, ubandike mahali panapotoka damu na ubane kidogo.

“Kazi ndefu mno hiyo,” wanalalamika. Hebu tupige hesabu. Kucha ni 18. Ukikata ukucha mmoja kwa siku, unamaliza baada ya siku 18. Kucha za paka wa ndani huhitaji kupunguzwa kila baada ya wiki mbili au tatu hivi. Maana yake, siku unayomaliza wa mwisho ndiyo siku ya kuurudia ule wa kwanza. Ukucha mmoja kwa siku, nusu dakika na kipande cha samaki, unatosha maisha yote ya paka. Haba na haba hujaza kibaba. Hapa methali hiyo ni hesabu kamili. Anayesema hana nusu dakika asituambie kwamba ana paka. Ana pambo.

Kundi la tatu ndilo linalonitia uchungu. Hawa wanataka kuimaliza kazi mara moja kwa kumng’oa paka kucha. Desturi hii imeenea sana Marekani, na siku hizi nawasikia jamaa wakirudi likizo wakiisifu: kochi halichaniki, watoto hawakwaruzwi. Wanasema “kung’oa kucha” kana kwamba ni jambo la juu juu. Sivyo. Ukucha wa paka umeota juu ya mfupa wa mwisho wa kidole, na ili usiote tena ni lazima mfupa huo ukatwe. Tazama mkono wako, ndugu msomaji, uhesabu pingili za juu za vidole. Ndizo zinazoondolewa. Na paka hutembea juu ya vidole vyake. Mnyama aliyefanyiwa hivyo huweza kuona maumivu hata kufukia mchanga wa choo chake, akaanza kujisaidia zuliani. Na kwa kuwa hana kucha, meno ndiyo ulinzi uliobaki. Kochi limepona, mkono umeng’atwa.

Wengine walikwisha kulikataa jambo hili. Mkataba wa Baraza la Ulaya wa kulinda wanyama wa nyumbani, wa mwaka 1987, unautaja upasuaji huu miongoni mwa yanayokatazwa. Uingereza, sheria yake ya ustawi wa wanyama ya mwaka 2006 inazuia kumkata mnyama viungo bila sababu ya tiba. Huko huko Marekani, New York ilipiga marufuku mwaka 2019. Kwetu Tanzania tulitunga Sheria ya Ustawi wa Wanyama mwaka 2008. Lakini sheria haiingii sebuleni mwako saa mbili usiku. Itakuwa aibu tukiipokea desturi hii kama ustaarabu wakati wenyewe wanaiacha.

Na hilo kochi mnalolililia lina dawa ya bei ndogo. Paka hupenda kukwaruza kitu kigumu, kirefu, kisichotikisika. Chukua gogo linalosimama imara, refu kiasi cha yeye kujinyoosha wima, ulizungushie kamba ya mkonge kwa kuibana. Lisimamishe palepale kando ya kochi, wala si stoo. Nchi iliyolima mkonge Tanga tangu mwaka 1893 haina udhuru wa kukosa kamba. Gogo hilo halitaondoa haja ya mkasi, lakini litampa paka mahali pake pa halali.

Sisemi kwamba paka wote waachwe nje. Barabara zetu zina magari, na majirani wengine hutega sumu ya panya. Anayemfungia paka wake mara nyingi anamwokoa. Ninachosema ni kwamba ulinzi huo una gharama, na gharama hiyo ailipe aliyeshika ufunguo, asimbebeshe aliyefungiwa. Kama ukucha mmoja kwa siku ni kazi nyingi kwako, fungua mlango. Na kama huwezi kuufungua, usichukue paka.