Nyumba ikaguliwe na asiyekula asilimia

Mfanyabiashara wa Kariakoo hanunui robota la vitenge bila kulifungua. Mnunuzi wa mpunga huchoma gunia kwa bambo kwanza, akaziangalia punje kiganjani, ndipo anapotaja bei. Lakini mtu huyo huyo akienda Mbagala au Tegeta kununua nyumba kwa akiba ya miaka kumi na tano, huzunguka sebuleni mara mbili, husifu marumaru, hufungua bomba moja la jikoni, kisha huanza kuvutana na muuzaji juu ya bei. Mali iliyo kubwa kuliko zote atakazonunua maishani ndiyo anayoikagua kwa haraka zaidi.

Ukimuuliza sababu, atakuambia dalali alikuwepo na mwenyekiti wa serikali ya mtaa alisaini. Hayo ni kweli, ila hakuna kati yao aliyekagua nyumba. Dalali hulipwa kwa asilimia ya bei, na hulipwa pale tu nyumba inapouzwa. Ufa anaouona asubuhi, jioni humgharimu ujira wake. Hatumlaumu, ndiyo kazi yake. Mwenyekiti naye hushuhudia kwamba fulani amemuuzia fulani, wala hana habari ya nondo zilizomo ndani ya lenta.

Wapo wanaojikinga na ripoti ya mthamini, hasa wanaokopa benki. Mthamini aliyesajiliwa ni mtaalamu, na tangu mwaka 2016 fani yake ina sheria yake mahususi. Lakini swali analojibu ni lingine: nyumba hii ina thamani gani sokoni leo, na benki ikilazimika kuiuza itaambulia kiasi gani. Hapandi darini, wala hafunui chemba ya choo. Mnunuzi anayeisoma ripoti hiyo kana kwamba ni cheti cha uzima wa nyumba amejidanganya mwenyewe.

Nchini Marekani majimbo mengi hutoa leseni kwa wakaguzi wa nyumba, na mnunuzi huweza kuandika katika mkataba kwamba ununuzi utategemea matokeo ya ukaguzi. Hapa kwetu kuna bodi za wahandisi, wabunifu majengo, makandarasi na wathamini, lakini mkaguzi wa nyumba ya mkononi huna budi kumtengeneza mwenyewe: fundi mwashi mzoefu au mhandisi, fundi umeme, na mpima ardhi pale mipaka inapotia shaka. Walipwe ujira wa siku, wapate fedha hiyo hiyo ununue usinunue. Wasitoke kwa dalali.

Tofauti kubwa kati ya ukaguzi wa Ulaya na wa Dar es Salaam ni kwamba kwetu ukaguzi unaanzia nje ya nyumba. Waliobomolewa Mkwajuni, Kinondoni, Desemba 2015 hawakubomolewa kwa sababu kuta zao zilikuwa mbovu. Nyumba zilikuwa katika bonde la Msimbazi, na Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Mwaka 2017 zilifuata nyumba za kando ya Barabara ya Morogoro, kuanzia Kimara hadi Kiluvya, ambako hifadhi ya barabara ilihesabiwa mita 121.5 kila upande. Humo zilikuwemo nyumba imara za zege, zenye uzio na geti, na wenyewe walikuwa wameishi hapo miaka mingi. Alama ya X haiangalii aina ya bati.

Kwa hiyo siku ya kwanza ya ukaguzi ni ya futi kamba na miguu. Pima kutoka mtoni na kutoka barabarani, kisha uliza ofisi ya ardhi ya manispaa eneo hilo limepangiwa matumizi gani. Kama unaweza, ngoja mvua. Muuzaji mjanja hupaka rangi Julai, wakati vumbi linatimka, na hutaka biashara iishe kabla ya vuli. Nyumba ya mabondeni au ya tambarare za Temeke ikaguliwe Aprili, maji yakiwa yanatafuta njia. Ukishindwa kungoja, kaa kwa mama ntilie wa jirani, unywe chai, uulize masika yaliyopita maji yalifika wapi. Na kama nyumba ina wapangaji, waulize hao. Hawana asilimia yoyote katika mauzo, na kero za nyumba hiyo wanazijua kwa majina.

Upande wa karatasi hatutakaa sana, maana wengi wamekwisha kuandika. Hatimiliki itafutwe kwa Msajili wa Hati, asiaminiwe mtu kwa nakala ya fotokopi. Leseni ya makazi si hati, ni ruhusa ya muda mfupi inayohuishwa. Nyumba ya ndoa haiuzwi bila ridhaa ya mwenzi, ndivyo ilivyo tangu Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971. Nyumba ya mirathi iuzwe na msimamizi aliyeteuliwa na mahakama, si na kaka mkubwa kwa kuwa ni mkubwa.

Sasa ingia ndani, na uanze kwa kutazama juu. Dari la jipsamu ni zuri kwa macho na baya kwa mkaguzi, kwa sababu huficha kila kitu. Fundi apande, aone kenchi kama ni mbao zilizotiwa dawa au zimekwisha kuliwa na mchwa, na mabati kama yana kutu kwenye misumari. Doa la kahawia pembeni mwa dari ni maji, hata likipakwa rangi nyeupe jana. Harufu ya rangi mbichi katika chumba kimoja peke yake nayo iulizwe.

Kuta zina lugha yake. Ufa mwembamba kama unywele kwenye plasta ni jambo la kawaida. Ufa unaopanda kwa ngazi kufuata maungio ya tofali, au unaoanzia kona ya dirisha na kushuka kwa mshazari, unatoka kwenye msingi. Ukiingiza sarafu ya shilingi 200 ikakaa, muite mhandisi kabla hujamwita wakili. Mbagala kuna swali la nyongeza. Tarehe 29 Aprili 2009 ghala la silaha la jeshi lililipuka huko, watu wakafa na nyumba nyingi zikapasuka. Baadhi zilijengwa upya, nyingine zilizibwa kwa plasta. Anayenunua nyumba ya zamani katika eneo lile aulize ilijengwa lini na ilitengenezwa nini baada ya siku hiyo. Maeneo ya karibu na bahari, tazama chini ya ukuta: unga mweupe unaochomoza ni chumvi, na chumvi hubandua rangi mpya kila mwaka. Kama kuna kisima, yaonje maji yake.

Nyumba iliyoongezwa ghorofa ni hatari ya pekee. Msingi uliochimbwa kwa nyumba ya chini haukuahidi kubeba nyingine juu yake. Dai kibali cha ujenzi na michoro, na vikikosekana, ondoka. Mji huu ulizika watu 36 baada ya jengo la ghorofa 16 kuporomoka Mtaa wa Indira Gandhi, Machi 2013, na wengine zaidi ya 20 Kariakoo, Novemba 2024. Hayo yalikuwa majengo makubwa ya katikati ya jiji. Ghorofa moja la uchochoroni halitangazwi sana, ila uzito wa zege ni ule ule.

Halafu choo, ambacho wanunuzi huona haya kukikagua. Fungua chemba. Uliza shimo linajaa baada ya muda gani, na gari la majitaka linapita njia ipi. Kama uchochoro ni wa kupita toroli tu, ujue masika yakifika shimo hilo litatapishwa mtaani, na wewe mwenye nyumba mpya ndiye utakayeitwa ofisi ya mtaa. Bili ya maji itazamwe ina deni gani, na mita ya LUKU isomwe, kwani tangu mwaka 2021 kodi ya jengo nayo hukatwa humo.

Tufanye hesabu ya dukani. Tuseme nyumba ya vyumba sita inauzwa shilingi milioni 60, na kila chumba kinapangishwa kwa shilingi 60,000 kwa mwezi. Mwaka mzima, vyumba vyote vikiwa na watu, ni shilingi 4,320,000, yaani asilimia 7.2 ya mtaji. Paa na shimo la choo vikidai shilingi milioni 9, kodi yote ya miaka miwili imekwenda, na bado hujagusa nyaya za umeme. Lakini mnunuzi aliyeyajua hayo kabla ya kulipa ana hoja mkononi ya kuishusha nyumba hiyo hadi milioni 51. Ujira wa mafundi wawili kwa siku mbili, pamoja na nauli na chakula, haufiki hata robo ya anachochukua dalali kwa asilimia 5.

Muuzaji naye asidhani ukaguzi ni adui yake. Anayeita fundi kabla ya kutangaza nyumba, akarekebisha bati na kuandika wazi yasiyorekebishwa, huuza kwa bei inayosimama. Nyumba nyingi hukaa sokoni miezi minane kwa sababu kila mteja anakuja na shaka yake, na shaka huipigia bei chini kuliko ufa wenyewe.

Pingamizi tunalolisikia mara kwa mara ni haraka: ukichelewa, kuna mteja mwingine anakuja na fedha taslimu saa kumi. Inawezekana yupo. Dawa yake ni kuweka malipo ya awali kwa wakili, si mfukoni mwa muuzaji, kwa mkataba wa ukurasa mmoja unaotaja siku saba za ukaguzi na kurejeshwa kwa fedha yote iwapo yataonekana makosa ya msingi, mipaka au umiliki. Muuzaji akikubali, mpeleke fundi kesho yake asubuhi. Akikataa siku saba kwa nyumba aliyoimiliki miaka ishirini, chukua fedha yako uende Chamazi au Bunju. Nyumba za kuuza huko zipo.