Kiini cheupe si kosa la kuku, wala la mama



Mwezi huu mambo ya mayai yamefika mpaka mu mikutano yetu ya sendika. Wengine walicheka: «Sendika inatafuta nini mu mambo ya kuku?» Siye hatucheki. Mu Kanina, mu Luilu, mu Kapata, kuku wa nyuma ya nyumba njo wanalipa masomo ya mutoto wakati mushahara unachelewa. Tangu 2003, wakati wafanyakazi zaidi ya 10 000 wa Gécamines walitoka mu kazi kwa ule mupango wa «départ volontaire», familia nyingi za Kolwezi, za Likasi na za Lubumbashi zilijifunza kwamba mushahara mumoja hautoshi.

Basi, hii njo habari. Wamama wetu walipeleka mayai ku kantini moja ya wafanyakazi. Mupishi akavunja moja: kiini cheupe, karibu kama bukari. Akasema: «Mayai yenu haina nguvu. Murudishe.» Kesho yake akapika yale yanayotoka Zambia na lori, yenye kiini cha manjano sana. Mama mumoja alirudi ku nyumba na plato tatu ku kichwa, mayai 90, na deni ya chakula cha kuku bado iko.

Tuseme wazi: yule mama alionewa.

Kuku hawezi kujitengenezea ile manjano. Anaipata mu chakula tu. Iko ndani ya majani na mbegu fulani, na wenye elimu wanaiita xantofili. Mahindi ya manjano iko nayo ya kutosha. Mahindi meupe karibu haina. Sasa siye watu wa huku tunakula mahindi gani? Meupe. Unga wetu ni mweupe, na pumba tunazowapatia kuku zinatoka mu mahindi yaleyale. Ukiongeza soya na samaki wakavu, kuku atataga vizuri, lakini kiini kitabaki cheupe. Nguvu ya yai, ile inayojenga mwili wa mutoto, haipungui juu ya rangi hiyo.

Na manjano ile inaweza kununuliwa. Wafugaji wakubwa wa inchi za mbali wako na kipimo cha rangi, kuanzia 1 mpaka 16, na wanachagua namba ile munjunzi anapenda, kama mutu anayechagua rangi ya kupaka ukuta. Wamoja wanatia maua ya manjano ya tageti yaliyokauka na kusagwa, na pilipili nyekundu tamu juu kiini kielekee ku wekundu. Wengine wanatia dawa ya rangi iliyotengenezwa mu fabriki, na Ulaya imeweka mupaka wa kipimo chake. Kwa hiyo kiini cha manjano hakionyeshe kwamba yai ni la kijiji, wala kwamba liko na nguvu kupita lingine.

Siye tunaochimba tunalijua jambo hili. Jiwe jeusi unaliona zuri, lakini ukilifikisha ku mashini ya kupima, pengine kobalti ni kidogo. Macho peke yake hayatoshi ku jiwe. Namna gani yatoshe ku yai?

Lakini munjunzi ni munjunzi, na wamama hawawezi kungojea mupaka watu wote wabadilishe mawazo. Dawa iko mu bustani. Chukua matembele ao lengalenga, osha, kausha ku kivuli maana jua kali linaua rangi, kisha twanga ao saga. Kwa kilo kumi za chakula, tia nusu kilo ya unga wa majani. Usipitishe sana: majani mengi yanajaza tumbo la kuku na mayai yanapunguka. Kama unaweza kupata mahindi ya manjano, changanya. Pilipili yetu kali nayo haimusumbue, kwa sababu ndege hausikii ukali wake. Rangi haibadilike kesho yake, maana kiini kinajengwa siku nyingi ndani ya kuku. Ngojea kama wiki mbili, ndipo uvunje yai uangalie.

Sasa tufike ku jambo linalotusumbua zaidi. Kuku anayetembea pembeni ya takataka za mugodi, akila majani mabichi, atatoa kiini cha manjano kizuri sana. Kuku hana meno. Anameza vijiwe na muchanga juu ya kusaga chakula chake. Ni muchanga gani huo, hapa kwetu? Mu 2018, wanafunzi wakubwa na waalimu wa Universite ya Lubumbashi na ya Leuven walitangaza vipimo vyao vya Kasulo: kobalti mu vumbi ya nyumba, na kobalti mu mukojo ya watoto. Vumbi ile haichague pa kuangukia. Inaanguka ku majani, ku maji, pa kuku anachakura. Na kobalti haibadilishe rangi ya kiini. Hapo mupishi anaweza kuvunja mayai mia na asione kitu.

Kwa hiyo tunaomba mambo matatu. Moja: kantini zote za kampani zinunue mayai ya familia zetu kwa uzito na kwa upya wake, na ziache kuyarudisha juu ya rangi. Mbili: kampani na serikali ya jimbo zipime udongo, maji na mayai mu mitaa iliyo karibu na migodi, na matokeo yabandikwe pa watu wote wanaweza kusoma, kwa Kifaransa na kwa Kiswahili. Tatu, na hii ni yetu wenyewe: tufungie kuku mu kibanda, mbali na takataka za mugodi, tuwapatie maji safi, na majani yatoke mu bustani isiyopokea maji ya mugodi.

Rangi tutaitia siye wenyewe na matembele. Kupima udongo hatuwezi na mikono mitupu. Wale wanaouchimbua kila siku na mashini zao, wako na vipimo. Waje navyo mu mitaa yetu.