Hewa ya ukaa si jina la kila gesi

Kila mvua inapochelewa, au Budalang'i inapofurika, vyombo vyetu vya habari humtaja mkosaji mmoja: hewa ya ukaa. Mwanafunzi aliyelelewa kwa istilahi hiyo hushuku moshi, gari na kiwanda. Hawezi kulishuku shamba la mahindi la babake kule Kakamega, kwani huko hakuna moshi.

Yafaa ikumbukwe kwamba naitrasi oksaidi haina ukaa hata chembe. Gesi hii hutoka udongoni. Ardhi ikilowa mno, bakteria hukosa oksijeni, nao huigeukia naitreti itokanayo na mbolea. Katika kuitumia hiyo ndipo gesi huzuka. Kwa kipindi cha miaka 100, kilo yake moja huipasha dunia joto mara 273 zaidi ya kilo ya hewa ya ukaa. Mwaka wa 2019, jopo la wanasayansi wa Umoja wa Mataifa kuhusu tabianchi lilikadiria kwamba katika maeneo yenye mvua nyingi, asilimia 1.6 ya naitrojeni ya mbolea za viwandani huponyoka moja kwa moja kutoka shambani kwa njia hii. Penye ukavu ni asilimia 0.5.

Je, mkulima wa Magharibi aitupe mbolea? Hasha! Huko Abuja mwaka wa 2006, mataifa ya Afrika yaliazimia kupanda kutoka kilo 8 za virutubishi kwa hekta hadi kilo 50 ifikapo 2015, hayakufika. Mei 2024 viongozi walikutana tena, Nairobi, wakaahidi upya. Kumnyima mbolea anayevuna magunia machache, ati kwa ajili ya anga iliyochafuliwa na matajiri, ni dhuluma.

Suala ni wakati. Mahindi machanga hunyonya naitrojeni kidogo sana. Mbolea yote ikimwagwa siku ya kupanda, mvua ya Aprili huikuta haina mlaji: nyingine huenda mtoni, nyingine angani, na fedha za mkulima huenda nayo.

La kustaajabisha ni kwamba wakulima wenyewe husema "mbolea ya kupandia" na "mbolea ya kukuzia", wakitenganisha kwa maneno mawili yale ambayo sisi wasomi tumeyafunika kwa moja. Nasi tunayo istilahi "gesijoto", yenye nafasi ya gesi zote hizi. Mbona basi haisikiki darasani?